Sitara si Kuficha Ugonjwa



Mama mmoja alitujia nyumbani baada ya Magharibi, akangoja wageni wengine waondoke ndipo akasema, "Sheikh, mwanangu anakunywa." Kwa miaka mitatu majirani walikuwa wakiambiwa kwamba kijana ana vidonda vya tumbo. Neno pombe halikuwa likitamkwa ndani ya nyumba ile.

Tulimwita kijana tukamnasihi. Akalia, akaapa kuacha siku ile ile, na akaacha kweli. Siku ya tatu alianza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, kisha akaanguka na kutupatupa viungo. Huko hospitali daktari alitueleza kwamba mwili uliozoea kileo kingi kila siku, ukikatiwa ghafla, waweza kuingia katika hatari ya mauti. Tulikuwa na nasaha, lakini hatukuwa na elimu. Alhamdulillahi kijana alipona. Tunayaandika haya ili nyumba nyingine isipitie njia ile.

Jambo la kwanza, basi, ni daktari. Anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate kileo, asiachishwe kwa kiapo wala kwa kufungiwa chumbani. Apelekwe hospitali, aache chini ya uangalizi.

Jambo la pili ni wenzake. Dawa husafisha mwili kwa siku chache, lakini akirudi mtaani hukutana na wale wale, mahali pale pale. Hapa ndipo vikao vya walioacha pombe vina faida kubwa. Vilivyo mashuhuri zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani. Waasisi wake wawili, mmoja wao daktari mpasuaji, wote walikuwa wametekwa na pombe, nao waliona kwamba mlevi hupata nguvu ya kujizuia anapozungumza na mlevi mwenziwe. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, watu huitana kwa jina la kwanza tu, na yasemwayo humo hayatolewi nje.

Vikao hivi vipo nchini Kenya. Kuvipata, uliza hospitalini au katika kituo cha tiba ya uraibu, au piga simu 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya. Uliza siku na saa, lugha inayotumika, na kama wamo wanawake au wanaume peke yao. Uliza pia kama kikao ni cha wazi, ambacho jamaa aweza kuhudhuria, au ni cha wenye tatizo tu. Kikao cha kwanza kisipomfaa, ajaribu kingine kabla ya kukata tamaa.

Wapo watakaouliza: Muislamu aingieje katika kikao ambacho pengine hufanyika ukumbi wa kanisa? Tunajibu kwamba yeye amefuata tiba, kama aingiavyo hospitali iliyojengwa na wasiokuwa Waislamu. Hatua zao kumi na mbili humtaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu, naye anamfahamu Mola wake. Wakisoma dua isiyokuwa yake, atanyamaza. Tena Waislamu wa Marekani walianzisha vikao vyao, Millati Islami, mjini Baltimore mwaka 1989, wakazipanga hatua hizo juu ya misingi ya dini yetu. Hakuna kinachotuzuia sisi wa Pwani kufungua chumba kimoja cha madrasa, jioni moja kwa wiki, kwa kazi hiyo.

Wengine husema kutaja maovu ni kuvunja sitara. Kujisifu kwa dhambi ni haramu, hilo halina shaka. Lakini mgonjwa amwelezaye daktari maradhi yake hajisifu. Aseme kiasi kinachohitajika, na aombe msaada.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kisa cha mtu aliyeua watu 99, akatimiza mia kwa mtawa aliyemwambia hana toba. Mwanachuoni aliyemwendea baadaye hakumwambia tu kwamba mlango wa toba u wazi. Alimwamrisha auache mji wake, aende kwa watu wema aabudu pamoja nao. Toba ile ilipewa wenzi wa kusafiri nayo. Na Mtume (S.A.W.) alipoletewa mtu aliyezoea kulewa, sahaba mmoja akamlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake.

Kwenu mama na dada zetu: nanyi mwahitaji pa kupumulia. Vipo vikao vya jamaa za walevi, viitwavyo Al-Anon, ambamo mke au mama hujifunza kutomlipia madeni ya pombe wala kumsemea uongo kazini, na huku akabaki na huruma.

Yule mama sasa hasemi vidonda vya tumbo. Hamtangazi mwanawe, ila akiulizwa na jamaa wa karibu hujibu, "Mwanangu alikuwa mgonjwa, yumo katika tiba." Kila wiki humwekea nauli ya kwenda kikaoni, na chakula hukifunika mpaka arudi.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na azisitiri nyumba zetu. Amin.