Kabla ya Kuitwa Mganga wa Nafsi

Kijana mmoja, mwanachuo wa mwaka wa pili katika somo la saikolojia, alifika ofisini kwetu majuzi akiwa na maswali mawili. La kwanza lilimhusu mjomba wake, ambaye amekwisha kumwambia mbele ya ukoo kwamba ada inapotea bure, kwa kuwa hapana kazi ya kuongea na wendawazimu inayolisha nyumba. La pili alilisema kwa sauti ndogo, nasi tutalifikia.

Kwa mjomba jawabu letu ni fupi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 ulimwenguni, yaani mtu mmoja katika kila wanane, walikuwa na maradhi ya akili ya namna moja au nyingine. Wengi wao si wale waokotao makaratasi njiani. Ni mama wa nyumbani, karani, dereva na mwalimu. Wala mpwa wake hasomei udaktari bingwa wa maradhi ya akili, maana bingwa huyo hupitia kwanza shule ya udaktari, naye ndiye aandikaye dawa. Mwanasaikolojia tiba hupima kwa majaribio na mahojiano, na hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Kwa kazi hiyo shahada ya kwanza haitoshi. Muhimbili hapa kwetu, na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa jirani zetu, hufundisha shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na yampasa aitakaye aanze kujitengeneza mapema, si siku ile ya kujaza fomu.

Twajua wako vijana waliochagua saikolojia kwa kuikimbia hesabu. Hao wamekimbilia kulekule walikokuwa wakikukimbia, kwani somo hili lasimama juu ya takwimu. Tazameni habari ya Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuketi na wagonjwa wa mawazo katika benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao moja moja. Jambo zuri, lakini dunia ina mambo mazuri mengi yasiyoaminiwa. Basi wakagawanywa wagonjwa 573 wa zahanati 24, baadhi wapate benchi, baadhi wapate huduma ya kawaida iliyoongezwa nguvu kidogo. Baada ya miezi sita wakapimwa wote. Waliopata benchi walikuwa na nafuu kubwa zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani. Pasipo hesabu akina bibi wale wangeitwa wasimulizi wa hadithi tu. Kwa hiyo mwanachuo asiikwepe takwimu, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho aufanye kwa mkono wake mwenyewe. Kadhalika ajulikane kwa walimu wake, maana mwalimu amjuaye kwa namba ya mtihani tu hataweza kumwandikia barua yenye uzito.

Lakini kitabu peke yake hakimtoshi. Kitabu kitamwambia sonona. Mama wa Kariakoo atamwambia kichwa chawaka moto, moyo wamwenda mbio, usingizi umehama. Asiyeyajua maneno haya atamwandikia homa. Na aende akajitolee wodini, au katika kituo cha vijana, akajifunze kunyamaza mtu anaposema. Sisi tulio katika Chama twajua kuhutubia kuliko kusikiliza, kwa hiyo twakiri kwamba sanaa hiyo ni ngumu.

Sasa swali la pili. Bwenini kwao mwenzake alimweleza usiku kwamba hataki tena kuishi. Kijana wetu, akikumbuka somo la kutunza siri za wagonjwa, hakumwambia mtu. Kwa majuma mawili alimtibu mwenyewe, kila usiku, kwa maneno aliyoyasoma katika sura ya tisa. Alfajiri moja akakuta kitanda kitupu. Walimpata akiwa hai, wakampeleka hospitali, na hata leo angali anatibiwa.

Aliuliza kama alikosea. Tulimwambia ndiyo. Siri ya mgonjwa ni amana kubwa, lakini ina mpaka, na mpaka wake ni uhai. Tena yeye hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na rafiki, na rafiki kazi yake ilikuwa kumshika mkono usiku uleule wakaenda kwa mshauri wa chuo au hospitali. Hata waliohitimu hufanya kazi chini ya macho ya msimamizi katika miaka yao ya kwanza. Sembuse aliyefika sura ya tisa?

Akauliza tena kama kosa hilo litamfungia njia ya uzamili. Hatudhani. Tulimshauri amweleze mwalimu wake pasipo kumtaja mwenzake, kwa kuwa ajuaye alipoishia uwezo wake afaa kufundishwa kuliko yule asiyeona mwisho wake.

Alipokuwa akiaga alitoa bahasha mfukoni. Ilikuwa barua ya kuomba kujitolea hospitalini wakati wa likizo ndefu, akataka tumsahihishie Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa safi. Tulifuta neno moja tu, mtaalamu, tukaandika mwanafunzi.