Ushahidi wa Shilingi Sitini

Alikuja barazani baada ya sala ya alasiri, akatoa salamu, akaketi ukingoni kama aketivyo mtu mwenye haja. Ni kijana wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Yumo mwaka wa tatu wa masomo ya uhasibu katika chuo kimoja cha hapa pwani. Jina lake nitalificha, ingawa mwenyewe alinipa ruhusa niyaandike haya.

"Ami," akasema, "nakuomba unitazamie Kiswahili changu."

Akanipa simu. Nikavaa miwani, nikasoma. Yalikuwa maneno ya kuisifu nyumba moja ya kupangisha wageni, ng'ambo ya daraja la Nyali: kwamba vyumba ni safi, upepo wa bahari waingia usiku kucha, maji hayakatiki, mwenye nyumba ni mkarimu, na kwamba mwandishi, mkewe na watoto wao wawili walikaa hapo siku tatu "tukaenjoi sana". Chini yake pana nyota tano.

Kiswahili kilikuwa kizuri. Nilisahihisha neno moja tu: hapo penye "tukaenjoi" nikamwambia aandike "tukastarehe". Akaandika, akabonyeza, maneno yakaenda zake. Ndipo nilipomwuliza, "Umeoa lini, mwanangu, na mbona harusi hatukualikwa?"

Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Msomaji asiyekuwa na mazoea ya mambo haya na aniwie radhi nimfafanulie. Siku hizi mtu akitaka nyumba ya kulala, mkahawa, fundi, hata daktari, hamwulizi jirani. Hufungua simu akatazama waliotangulia wamesema nini, na kila mmoja wao ametoa nyota ngapi, tangu moja hadi tano. Nyota hizo ni fedha. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Luca, aliichunguza mikahawa ya mji wa Seattle, Marekani, na mwaka 2011 akaeleza kuwa mkahawa unaojitegemea ukiongezewa nyota moja katika mtandao wa Yelp, mapato yake hupanda kati ya asilimia 5 na 9. Na kitu chenye bei, sisi watu wa pwani twajua, hakikosi dalali.

Dalali wa kijana huyu hajapata kumwona uso. Humpelekea majina ya nyumba na mikahawa kwa simu, naye huandika sifa, na kila Jumamosi fedha huingia kwa M-Pesa: shilingi 60 kwa kila sifa moja. Kwa Kiingereza ni 60 na kwa Kiswahili ni 60. Za Kiswahili zilitakiwa ili ionekane kwamba wageni wa Dar es Salaam na jamaa zetu wa Maskati wameshafika wakaridhika. Ile niliyoisahihisha mimi ilikuwa ya 31. Amepata shilingi 1,860, na zote amezilipa chuoni.

Hapo tena yafaa niseme habari ya karo, maana bila ya hiyo mtu atamwona kijana huyu kuwa mwongo tu, na mambo hayako hivyo.

Babake amefariki. Mamake hupika mahamri na mbaazi, na kabla ya jua kupanda huwa ameshauza. Ndugu wa babake aliyeko Oman ndiye aliyekuwa akisaidia; mwaka huu kazi imemkatikia, na mwenye kukatikiwa na kazi ugenini hadaiwi. Kijana aliingia chuo kikuu mwaka 2023, mwaka ule ule Serikali ilipoleta mpango mpya wa kugharimia masomo. Katika mpango huo wanafunzi waligawanywa makundi matano kwa hali ya nyumba zao. Msaada wa Serikali hutoa sehemu, mkopo hutoa sehemu, na mzazi hutoa iliyobaki, tangu asilimia 5 kwa aliye chini kabisa hadi asilimia 40 kwa mwenye nafasi. Mambo yalifika kortini, na Disemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kuwa mpango huo unakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufani. Lakini karani wa karo hangoji rufani.

Mkopo nao ndio penye mfupa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza wanafunzi wa shahada ya kwanza asilimia 4 kwa mwaka. Mtu wa benki ataona hiyo ni kama bure. Mama muuza mahamri, aliyefunzwa chuoni tangu utotoni kwamba riba ni vita na Mwenyezi Mungu, haoni asilimia. Aona jina lake. Alimwambia mwanawe, "Sitaki uanze maisha kwa riba." Wapo Waislamu wengi wa mwambao waliokwama mlango ule ule, na malalamiko yao ni ya miaka mingi. Basi kijana hakuchukua mkopo. Akahangaika huku na huku, akafundisha watoto wa watu hesabu za jioni, akabeba mizigo Marikiti wakati wa likizo. Alipofika mwisho wa kuhangaika bado alitakiwa shilingi 14,500 kabla ya kuruhusiwa kuingia katika mtihani.

Kwa kuwa ni mhasibu aliniwekea hesabu mbili. Mamake hupata faida ya shilingi 3 kwa kila hamri moja la shilingi 10. Kwa hivyo ni mahamri 4,834, na hapo hamjala wala hamjalipa kodi. Kwa njia ya sifa ni sifa 242.

"Na mahamri ni halali," nikasema.

"Na mtihani ni Jumatatu ya tatu kutoka leo," akajibu.

Sisi wa pwani neno chuo twalitumia kwa mahali pawili, pale tulipofunzwa Kurani tukiwa na miaka sita na hapa wanapofunzwa uhasibu. Nikamkumbusha la chuo cha kwanza. Tulisomeshwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei mnadani bila ya nia ya kununua, ili mwingine adanganyike. Aliyewahi kusimama kwenye mnada wa samaki aijua sura yake: mnadi ameshika nguru, mtu wa nyuma apaaza sauti mia tano, mwingine mia sita, na huyo wa mia sita ni binamu yake mwenye samaki. Mgeni aliyekuja na kikapu huondoka na nguru wa mia saba, akafika nyumbani akamkuta ameshalegea macho. Je, sifa ya mtu asiyelala kitandani si mia sita ya yule binamu?

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema mnadani pana watu wanaoamini, lakini katika intaneti kila mtu anajua kuwa nyota zanunuliwa, basi anayedanganywa ni nani? Yeye mwenyewe aliwahi kununua simu ya shilingi 9,000 katika duka lenye sifa mia nne, na baada ya wiki mbili kioo kikawa cheusi kama sahani ya chungu. Akajua amefanywa, akaapa hataamini tena.

"Ikiwa hakuna aamini," nikamwuliza, "huyo dalali wako akulipa shilingi 60 za nini?"

Kwa kweli watu waamini, tena wenye akili zao. Kijana mmoja Mwingereza, Oobah Butler, alikuwa zamani akilipwa pauni 10 kwa kila sifa ya mkahawa ambao hakuula. Mwaka 2017 akataka kujua uongo wafika wapi. Alikuwa akiishi katika kibanda cha bustanini huko Dulwich, kusini mwa London. Akakiandikisha kibanda hicho katika mtandao wa TripAdvisor kuwa ni mkahawa, akapiga picha za vyakula alivyovifanya kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia choo, na rafiki zake wakaandika sifa. Ulianza kwenye nafasi ya zaidi ya 18,000, ukapanda, ukapanda, hata Novemba mwaka huo ukawa mkahawa wa kwanza katika London nzima. Hakuwa amepika hata sahani moja. Watu walimpigia simu kumbembeleza awape meza. Mwisho alifungua usiku mmoja, akawalisha chakula rahisi cha dukani kilichopashwa moto, na miongoni mwao wapo waliouliza kama wanaweza kurudi.

Wakubwa nao wameshaamka. Marekani sheria ya kukataza sifa za uongo ilianza kazi Oktoba 2024, na faini yake yaweza kupita dola 50,000 kwa kosa moja. Uingereza ikafuata Aprili 2025. Hapa Kenya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yakataza kusema uongo juu ya bidhaa na huduma. Nilipomweleza haya alizidisha dola 50,000 kwa 31, akatikisa kichwa, akasema hiyo ni karo ya ukoo mzima.

Halafu akaniuliza mimi. Aliuliza polepole, macho chini, lakini aliuliza. "Ami, na yale mashairi yako ya kampeni?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Mwaka 1997 nilikuwa kijana mwenye mke mchanga na kodi ya miezi miwili, na kalamu yangu ilianza kujulikana. Alikuja mjumbe wa mgombea mmoja, akanipa shilingi 3,000, akanitajia mambo ya kusifu. Mojawapo lilikuwa kisima alichowachimbia watu wa kijiji kimoja cha bara yetu. Mimi kijiji kile sikukijua. Nilikaa usiku mmoja nikakisifu kile kisima kwa beti nne: utamu wa maji yake, ubaridi wake, kamba, ndoo, akina mama wakirudi jioni. Mama wa kijana huyu angali akizikumbuka, maana zilisomwa kwa kipaza sauti mtaani wiki tatu.

Miaka miwili baadaye, barazani pale pale, mzee mmoja mgeni aliniuliza kama ni mimi fulani mshairi. Nikasema ndimi. Akaniambia atoka kijiji kile. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu, kwa upole mkubwa, kisima kile kiko upande gani, kwa sababu wao walipousikia utenzi walikitafuta.

Nimekutana na watu wengi walionitukana kwa maandishi yangu, na sikumbuki hata mmoja wao kama nimkumbukavyo mzee yule. Shairi lile silo nililolitia katika vitabu vyangu, lakini nilipokea fedha yake, nikalipa kodi, na kodi ikaliwa. Nilimweleza kijana yote hayo. Sikuwa tena na uso wa kumhubiria, ila nilimwambia kwamba anayedanganywa huwa na sura. Ni kwamba yeye hajaiona bado.

Alikaa kimya mpaka adhana ya magharibi. Tuliposali aliniambia kwamba anaona kama mtu aliyeikimbia riba ya wazi akajificha ndani ya ushahidi wa uongo, na kwamba mamake hajui fedha zile zilitoka wapi. Kama zile 1,860 zarudishwa au zatolewa sadaka, hilo si la mshairi. Nilimpeleka kwa sheikh, na waliyosemezana ni yao wawili.

Siku ya Jumamosi alipanda matatu akaenda ng'ambo kuiona ile nyumba. Hakuna aliyemtuma. Alirudi na habari nyingi. Vyumba ni safi kweli. Upepo ni kweli, tena kuliko alivyousifu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkarimu kupita maneno. Alimpa dafu akidhani ni mteja, akamlalamikia kwamba nyumba jirani zina nyota nyingi naye hana, na kwamba mtu mmoja kwa simu amemwambia mambo hayo hupangika kwa ada ndogo. Maji ni ya chumvi, na siku tatu kwa wiki hayapandi ghorofani. Ngazi haina taa.

Aliyaandika yote kama alivyoyaona, kwa nyota tatu, akampelekea dalali. Jibu lilikuja upesi: hii haiuziki. Tangu hapo dalali hajampelekea kazi nyingine.

Wazee wa msikiti wetu walichanga baada ya sala ya Ijumaa, wakapata 6,300. Mwalimu wake mmoja ameahidi kumsemea kwa karani wa karo. Mamake amepata oda ya mahamri 200 ya hitima. Bado hazijatimia, na Jumatatu haiko mbali.

Alijaribu kuziondoa zile sifa 31, asiweze. Zimeandikwa kwa majina ambayo funguo zake anazo dalali peke yake. Jana usiku nilimwomba mwanangu anitafutie ile ya nyumba ya Nyali. Ipo. Mtu na mkewe na watoto wawili, siku tatu, nyota tano, na mwishoni "tukastarehe", kama nilivyosahihisha.