Njia Hupimwa Pale Inapobana

Mtu akikwama kwenye njia ya waenda kwa miguu Dar es Salaam, lawama ya kwanza humwangukia machinga. Oktoba 2021 Serikali iliwaondoa pembezoni mwa barabara, na Kariakoo ikapitika upya. Ila meza zao zilipoondoka zilifichua mengine: mitaro iliyo wazi, nguzo katikati ya njia, magari yaliyoegeshwa juu ya ukingo, ngazi za maduka zilizojisogeza nje.

Tuanze na vipimo. Kiti mwendo kinahitaji takriban sentimita 90 ili kipite. Viwili vikipishana, mita 1.8. Njia inaweza kuwa na upana wa mita tatu kwa kilomita nzima, lakini nguzo moja ikiacha sentimita 60 tu, mwenye kiti mwendo hana njia. Inambidi arudi hadi ukingo ulipolala, ashuke barabarani, aende bega kwa bega na daladala. Anayeruka mtaro kwa hatua moja hata hakumbuki kwamba ameruka kitu, ndiyo maana kasoro hizi hupita bila kuonekana njia inapokaguliwa na wenye miguu mizima peke yao.

Asiyeona ana hatari zake. Fimbo nyeupe humjulisha kilicho chini. Haimwambii lolote kuhusu bango lililoning'inia usawa wa paji la uso, wala ncha ya bati la kibanda. Huko Japani, Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 vigae vyenye vinundu vinavyosomwa kwa nyayo na fimbo, na mwaka 1967 vikatandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama. Ni uvumbuzi wa maana sana, lakini vigae vinavyoishia kwenye pikipiki iliyoegeshwa humdhuru mtu kwa sababu ameviamini.

Mifuniko ya mitaro ndiyo inayoniumiza zaidi. Ya chuma huibwa ikauzwa kama vyuma chakavu. Huwekwa ya zege badala yake, na mara nyingi zege hilo limekadiriwa kubeba watu tu. Gari likipanda juu yake kila siku, zege linapasuka. Anayeegesha leo "dakika mbili tu" anamchimbia shimo mjamzito atakayepita hapo masika, maji yakiwa yamefunika kila kitu.

Vigingi vinavyosimikwa njiani kuzuia magari navyo vina mtego wake. Vikiachana sentimita 60, huzuia bodaboda pamoja na kiti mwendo. Vikiachana mita moja, kiti mwendo kinapita na bodaboda pia inapita. Hakuna nafasi inayoweza kuwatenganisha hao wawili. Kwa hiyo vigingi viachiwe kazi ya kuzuia magari, viachane mita 1.2 hivi, na bodaboda zishughulikiwe na askari na viongozi wa vijiwe vyao.

Kwa nini hali inajirudia? Kwa sababu njia ni moja, wenye mamlaka juu yake ni wengi. Mitaa mingi iko chini ya TARURA na barabara kuu chini ya TANROADS. Nguzo za umeme ni za TANESCO na mabomba ya maji ni ya DAWASA. Kila mmoja ana sababu halali ya kuchimba au kusimika, na upana uliobaki hauna msimamizi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya kufika maeneo ya umma, lakini haki hiyo inahitaji ofisi moja inayowajibika kupima sentimita zilizobaki kila kazi inapokamilika.

Machinga naye apangiwe nafasi. Hufuata miguu ya wateja, na akifukuzwa bila kupewa mahali penye wapita njia, atarudi. Njia pana inaweza kugawanywa: ukanda wa kando kwa nguzo, miti na meza, na mita 1.8 za katikati zisiguswe na yeyote.

Si lazima jiji lote lianze siku moja. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, jirani na Kariakoo, ina wanafunzi wasioona. Ianze njia ya kutoka lango lake hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi kilicho karibu, na wanafunzi hao washirikishwe kuikagua kwa fimbo zao kabla mkandarasi hajalipwa.