Ahadi ni Deni: Posho ya Mtoto na Somo la Fedha

Kila siku ya masomo, watoto wengi wa shule za msingi nchini Tanzania huondoka nyumbani wakiwa na sarafu mfukoni. Sarafu hizo huishia kwa muuza maandazi, mihogo ya kukaanga au ubuyu kabla ya mapumziko kwisha. Kesho yake mtoto huomba nyingine. Kwa utaratibu huo fedha hupita mikononi mwake miaka nenda miaka rudi, na huenda asijifunze lolote juu yake ila namna ya kuomba.

Posho ni kitu tofauti. Ni kiasi kidogo cha fedha ambacho mzazi au mlezi humpa mtoto katika siku maalumu, naye mtoto akaamua mwenyewe jinsi ya kukitumia. Je, posho humfunza mtoto kuweka akiba? Uchunguzi wa kisayansi unadokeza kwamba jibu hutegemea sana mwenendo wa mtoaji.

Fedha machoni pa mtoto

Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, alionyesha kwamba mtoto mdogo hupima wingi kwa macho. Safu mbili zenye idadi sawa ya vitu zikipangwa sambamba, mtoto wa miaka 4 au 5 husema kuwa ziko sawa. Safu moja ikitanuliwa mbele yake, husema kuwa hiyo sasa ina vitu vingi zaidi. Kwa kawaida kosa hili hutoweka kwenye umri wa miaka 6 au 7 hivi. Haishangazi basi mtoto mdogo akiona sarafu tano za shilingi 50 kuwa ni mali kubwa kuliko sarafu moja ya shilingi 500. Posho huanza kuwa na maana pale mtoto anapoweza kuhesabu chenji. Tena, katika zama hizi ambapo mzazi hulipa kwa simu na mtoto haoni kitu kinachotoka, sarafu ingali kifaa bora cha kufundishia.

Majaribio ya kusubiri

Kuweka akiba ni kusubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwapa watoto wa shule ya awali uchaguzi: kula kitamutamu kimoja sasa, au kungoja mpaka mkubwa arudi na kupata viwili. Baadaye ilitangazwa kwamba waliosubiri zaidi walifanya vizuri zaidi katika masomo walipokua. Wengi wakahitimisha kwamba subira ni kipaji cha kuzaliwa. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, uliohusu watoto zaidi ya 900, ulikuta uhusiano huo kuwa kama nusu tu ya ule wa awali. Na hali ya nyumbani ilipozingatiwa, ukapungua zaidi.

Jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililotolewa mwaka 2013, lafaa kuangaliwa kwa makini. Watoto 28 waligawanywa katika makundi mawili. Kila mtoto aliahidiwa vifaa bora vya kuchorea iwapo angesubiri. Kundi la kwanza lililetewa vifaa hivyo. Kundi la pili liliambiwa kwamba kwa bahati mbaya havikuwapo. Kisha wote wakapewa jaribio la kitamutamu. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3 tu. Wale wa kundi la pili hawakuwa walafi kuliko wenzao. Walikuwa wamejifunza kwamba kungoja hakuna faida.

Afrika nayo imechangia elimu hii. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, watoto wa miaka 4 wa jamii ya Nso, nchini Kamerun, walilinganishwa na watoto wa Ujerumani wa rika lao. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri hadi mwisho, ilhali wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Yaonekana basi kwamba malezi yana nafasi kubwa katika kujenga subira.

Kutoka maabara hadi nyumbani

Chukua mfano wa mwanafunzi anayepewa shilingi 500 kila siku ya masomo, yaani shilingi 2,500 kwa juma. Akipewa zote Jumatatu, huenda zikamwishia Jumatano. Mzazi akimwongezea, somo limeharibika; akimwachia ale chakula cha nyumbani hadi Jumatatu ijayo, mtoto atakuwa amejifunza kupanga. Akitenga shilingi 500 kila juma, baada ya majuma 6 atakuwa na shilingi 3,000. Iwapo kitu alichokitamani kimepanda bei kwa asilimia 5, atakikuta kinauzwa shilingi 3,150. Upungufu huo wa shilingi 150 utamfundisha maana ya mfumuko wa bei kuliko maelezo mengi ya ubaoni.

Si kila familia ina mshahara wa kila mwezi. Mkulima au mvuvi aweza kumpa mtoto kuku mmoja, mayai yake yakawa ndiyo posho. Lililo muhimu ni kuahidi kile tu kinachowezekana.

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Mzazi akibanwa na shida hufungua kibubu cha mtoto, akachukua fedha kwa maneno ya "nitarudisha", kisha akasahau. Kiasi chaweza kuwa kidogo, lakini mtoto amefanyiwa jaribio lile lile la Rochester, naye ameingizwa katika kundi la pili. Tangu siku hiyo kutumia fedha zote mara moja huwa ndiyo busara kwake. Mzazi aliyelazimika kukopa kibubu na ataje siku ya kulipa, naye alipe siku hiyo.

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Kwa mtoto anayejifunza kuweka akiba, deni hilo ndilo la kwanza kulipwa.