Kupangisha nyumba kwa mara ya kwanza Kigoma

Mwenye nyumba wa Ujiji, Mwanga au Gungu anayekusudia kupangisha makazi yake mwenyewe huanza kujibebesha wajibu wa kisheria kabla hata dalali hajamletea mpangaji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia, yaani ile wanamoishi mume na mke, bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ridhaa hiyo ipatikane mapema na iwekwe kwa maandishi.

Mkataba wa pango, ambao ni makubaliano yanayompa mpangaji haki ya kuitumia nyumba kwa muda na malipo maalumu, unapaswa kutaja kodi, muda, matengenezo na notisi, hasa kwa kuwa wapangishaji wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kodi ya majengo nayo isisahaulike: ingawa ni deni la mwenye nyumba, tangu mwaka 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, hivyo mpangaji anunuapo umeme humlipia mwenye nyumba, na ni haki kiasi hicho kipunguzwe kwenye pango.

Mgogoro ukizuka, mwenye nyumba asimtupie mpangaji vyombo nje wala asibadilishe kufuli, bali afikishe shauri mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwani mpangaji naye ana haki inayolindwa na sheria.