Kifo cha Seli Kilichopangwa: Kwa Nini Dawa za VVU Hazipaswi Kuachwa

Kila siku mwili wa mtu mzima hupoteza mabilioni ya seli, na mwenyewe hahisi lolote. Nyingi kati ya hizo hazifi kwa ajali, bali kwa amri iliyomo ndani ya seli yenyewe. Seli husinyaa, hugawanyika katika vipande vilivyofungwa kwa utando, kisha seli walaji huvimeza bila kuzusha uvimbe wala homa. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie waliuita mchakato huo apoptosisi.

Kifo kinachojenga kinga

Kinga ya mwili hukitegemea kifo hiki kwa njia tatu. Kwanza, seli T hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, na zaidi ya asilimia 90 ya seli changa hufia humo. Baadhi hufa kwa sababu hazifai kwa kazi. Nyingine kwa sababu zingeushambulia mwili wenyewe. Pili, seli T wauaji huiamuru seli iliyovamiwa na kirusi ife, na hivyo kirusi hukosa mahali pa kuzaliana. Tatu, maambukizi yakishadhibitiwa, takribani asilimia 90 hadi 95 ya seli T zilizoongezeka kwa ajili ya mapambano hufa. Chache hubaki kutunza kumbukumbu ya adui.

VVU na kifo cha moto

Virusi vya UKIMWI huivuruga mizani hiyo. Hushambulia seli za CD4, ambazo huongoza seli nyingine za kinga. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, wakichunguza tishu za limfu maabara, walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya seli za CD4 zilizokufa hazikuwa zimezalisha virusi vipya. Kirusi kiliingia, kikashindwa kukamilisha kazi yake, nayo seli ikatambua mabaki yake na kujiua.

Kifo hicho si cha kimya. Huitwa piroptosisi: seli hupasuka na kumwaga kemikali zinazochochea uvimbe. Kemikali hizo huita seli nyingine za CD4, nazo zikifika huvamiwa na kufa vivyo hivyo. Ni kama moto wa nyika: kila kichaka kinachoungua huwasha kingine.

Maana yake kwa mgonjwa

Dawa za kufubaza VVU huzuia kirusi kuzaliana, na hivyo huuondolea moto huo kuni. Haziondoi virusi vilivyojificha ndani ya seli zilizolala. Kwa hiyo mkulima wa Kasansa, mkoani Katavi, anayeacha dawa msimu wa kilimo kwa kuwa anajisikia mzima, huenda asione dalili yoyote kwa muda. Hata hivyo, ndani ya wiki chache virusi huongezeka tena na seli za CD4 huanza kupungua.

Hatari hiyo imethibitishwa. Utafiti wa SMART, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha watu 5,472 katika nchi 33, ulionyesha kwamba waliosimamisha dawa kwa vipindi walipata magonjwa nyemelezi na vifo zaidi kuliko walioendelea nazo. Tangu mwaka 2016 Tanzania huanzisha dawa kwa kila anayegundulika na VVU, bila kusubiri CD4 zishuke.

Anayetarajia kukaa shambani au safarini kwa muda mrefu amweleze mapema mtoa huduma, ili apewe dawa za kutosha. Aliyekwisha kuziacha arudi kituoni bila kuona haya. Mtoa huduma naye ampokee bila lawama, apime CD4, na achunguze kifua kikuu. Kiwango cha CD4 kilicho chini ya 200 huashiria ugonjwa uliokithiri, unaohitaji uchunguzi wa haraka, ukiwamo wa fangasi wa ubongo. Seli nyingi zilizopotea zaweza kurejea, lakini kadiri tiba inavyochelewa ndivyo urejeo unavyokuwa mgumu.