Hadithi bure, kahawa shilingi 400

Kahawa aina ya SL34, ambayo wanunuzi wa Ulaya na Marekani huigombea kila msimu, ilitokana na mti mmoja tu uliokuwa katika shamba la Loresho, Kabete. Watafiti wa Maabara ya Scott waliuteua mti huo miaka ya 1930, katika kazi ile ile iliyotupa SL28, na uzao wake ukaenea Kirinyaga, Nyeri, Murang'a na Kiambu. Maabara hiyo ingalipo kando ya Waiyaki Way, siku hizi chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO. Jengo lilianza kama nyumba ya kuuguzia wagonjwa, likapewa jina la Dkt. Henry Scott, mmishonari wa Kiskoti. Shamba la Loresho nalo limegeuka mtaa wa nyumba za mawe na ua wa kayaba. Kama kuna kibao mahali kinachosema mti ule ulisimama wapi, mimi sijakiona.

Ng'ambo ya bonde, katika maduka machache ya Spring Valley kwenye barabara ya Lower Kabete, kikombe cha kapuchino kinakaribia shilingi 400. Anayekinywa amekaa jirani na chimbuko la kahawa yenyewe na hana habari.

Habari ya namna hiyo sasa ni bidhaa. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, na sehemu kubwa ya vijana wake wamechoka kuzunguka maduka makubwa yale yale kila Jumamosi. Wanataka mahali ambapo wenzao hawajafika bado, tena wafike kwanza wao wakiwa na simu. Kiu hiyo inalisha watu wengi: waongozaji wa matembezi ya miguu katikati ya jiji, vikundi vinavyokusanyana kwenye WhatsApp kwenda msituni, wenye migahawa ndani ya bustani, majumba ya sanaa, wakaangaji wa kahawa, waendeshaji wa Bolt na Uber, na vijana wanaoishi kwa video za TikTok. Ukiifuata shilingi ya mtembezi kutoka anapofunga mlango wake asubuhi hadi anaporudi, utaona kwamba haimfikii sana mwenye kujua mahali. Inamfikia mwenye kiti, meza na maegesho.

Tuanze na hicho kikombe. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutoa vikombe zaidi ya 50, kwa kipimo cha gramu 18 kila kimoja. Kwa shilingi 400, hayo ni mauzo ya shilingi 20,000 na ushei. Kuipata kilo hiyo kunahitaji kama kilo nane za matunda mabichi yaliyochumwa shambani, na mkulima ambaye chama chake cha ushirika kimemlipa vizuri, tuseme shilingi 100 kwa kilo, amepata shilingi 800. Wenye migahawa watasema, na ni haki yao, kwamba humo ndani kuna maziwa, mishahara, stima, mashine iliyoagizwa Italia na kodi ya nyumba. Sawa. Lakini kodi ya nyumba ndiyo hasa hoja yangu. Mteja wa Spring Valley hanunui gramu 18 za kahawa. Ananunua saa mbili za kukaa chini ya mti, mahali ambapo gari lake halitaguswa.

Kiti hicho ni adimu kwa sababu mtaa wenyewe haukuumbwa kwa wapita njia. Vitongoji vya magharibi mwa Nairobi vilipimwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, vikagawanywa viwanja vikubwa vya makazi, na biashara ikatengewa vituo vichache tu. Uhuru ulipokuja rangi ya wakazi ilibadilika, ramani ikabaki. Hadi leo, ukitoka Westlands kuelekea Kitisuru utapita kuta na mageti mengi kabla ya kuona duka. Mwenye leseni ya mgahawa katika mazingira hayo ana soko ambalo mwenzake wa Moi Avenue hawezi hata kuliota. Ndiyo maana mabango ya chuma yanazidi kuonekana yametundikwa getini mwa nyumba za zamani, yakitangaza kwamba mwenye kiwanja anaomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi hadi biashara. Bango moja kama hilo lina uzito kuliko video mia za TikTok. Likipita, bustani ya mtu inakuwa mgahawa. Majirani wakilipinga, inabaki bustani ya mtu.

Halafu kuna vizuizi. Katika barabara nyingi za ndani huku, chama cha wakazi kimeweka kibanda na mti wa chuma unaopandishwa na kushushwa kwa kamba. Mwenye gari zuri hupungiwa mkono apite. Anayetembea kwa miguu huulizwa anakwenda kwa nani, kisha jina, nambari ya kitambulisho na saa ya kuingia vinaandikwa katika daftari lililochakaa pembe, kwa kalamu iliyofungwa uzi. Barabara ni ya umma, lakini jaribu kumweleza mlinzi hivyo. Nimewaona wasichana watatu waliotaka tu kupiga picha za mijakaranda wakirudishwa kwa upole, na wao wakaishia kituo cha mafuta wakanunua aiskrimu. Kibiashara hilo ni pato lililopotea kwa mtaa na kupatikana kwa kituo cha mafuta.

Mahali ambapo mlango umefunguliwa, hesabu hubadilika, na mfano bora uko hapo hapo jirani. Msitu wa Karura una hekta 1,041 na ulitangazwa rasmi mwaka 1932. Barabara ya Limuru inaukata, na kipande cha magharibi, Sigiria, kinapakana na Thigiri na Kitisuru. Watu wengi wanalijua lango kuu, maporomoko na mapango yanayohusishwa na Mau Mau. Sigiria wanaijua zaidi wakazi wa huku na mbwa wao. Miaka ya 1990 msitu huu ulikuwa unamegwa viwanja kwa ajili ya wenye nguvu serikalini. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa walipokwenda kupanda miti. Viwanja vilizuiwa, lakini kwa miaka kumi baada ya hapo hakuna mtu wa kawaida aliyeingia Karura kutembea, maana ilijulikana kwa wizi na maiti zilizotupwa.

Kilichougeuza msitu kuwa biashara ni ua. Friends of Karura ilianza mwaka 2009, ikashirikiana na Huduma ya Misitu, KFS. Ua wa umeme ukajengwa, walinzi wakaajiriwa, na wakaanza kutoza kiingilio ambacho kwa miaka mingi mwananchi alikimudu kwa shilingi mia moja hivi. Kile ambacho wageni walilipia hasa ni uhakika wa kurudi nyumbani na simu zao. Miti ilikuwapo tangu zamani. Baada ya hapo vikafuata vyote: mgahawa ndani ya msitu, baiskeli za kukodi, mbio za hisani, sherehe za kuzaliwa za watoto chini ya miti ya mikalitusi.

Fedha zikishaonekana, wenyewe hujitokeza. Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS iliagiza malipo yote ya langoni yapitie eCitizen, mfumo wa serikali, badala ya utaratibu ulioendeshwa pamoja na Friends of Karura. Kelele zilipigwa na mzozo ukafika mahakamani. Siingii katika nani ana haki kisheria, ila mfanyabiashara yeyote anauelewa wasiwasi wenyewe. Kiingilio kinachokaa pale pale kinanunua viatu vya walinzi wiki ijayo. Kikipanda hadi Hazina, hakuna anayejua kitashuka lini. Na ua wa umeme usiporekebishwa kwa miezi michache tu, bidhaa yenyewe imekwisha.

Katikati ya jiji hali ni kinyume. Huko milango haina idadi, ila karibu yote ni ya bure au ina shughuli nyingine. Kipande House, ambako wanaume Waafrika waliandikishwa na kupewa kile kipande walichotakiwa kukivaa shingoni, sasa ni tawi la benki ya KCB. Ukitaka kuiona kwa ndani, panga foleni kama mteja. Kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, pembeni mwa Nyayo House, kuna Nairobi Gallery, iliyojengwa mwaka 1913 kama ofisi ya utawala ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Humo ndimo yalimo makusanyo ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na maelfu hupita hatua chache kutoka mlangoni kwenda kuchukua pasipoti. Chini ya Nyayo House yenyewe kuna vyumba walimoteswa wafungwa wa kisiasa miaka ya 1980. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kwa karibu miongo mitatu ikawa ya Wazungu pekee, iko Banda Street na simba wake wawili wa mawe. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, tayari limekarabati maktaba dada za Kaloleni na Makadara. Kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, kuna behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall pale Kima mwaka 1900.

Mwongozaji anaweza kuyaunganisha yote haya kwa asubuhi moja bila kupanda matatu. Anauza nini basi? Hana lango wala kiti. Akimaliza kusimulia, mgeni wa Kinairobi atamwambia, “Asante sana, bro,” kisha ataenda kula mahali pengine. Na wiki inayofuata mtu mwingine, aliyekuwa kwenye kundi hilo hilo, atatangaza matembezi yake kwa nusu ya bei, na maelezo ni yale yale.

Waliolikwepa tatizo hilo vizuri kuliko wengine, kwa maoni yangu, ni Nai Nami. Waongozaji wao ni vijana waliokulia mitaani katikati ya jiji, na wanachosimulia ni maisha yao: kona waliyolala, jinsi walivyokula, waliotoka na wasiotoka. Mshindani hawezi kuiga hayo. Pia, chakula cha mchana kimo ndani ya bei, kwa hiyo hata ile pesa ya kiti haiponyoki.

Serikali haijaamua imweke wapi mtu wa aina hii. Sheria ya Utalii ya 2011 inamtaka mwongozaji awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Utalii, na daraja zinazoheshimiwa, shaba, fedha na dhahabu, hutolewa na chama cha waongozaji wa safari, KPSGA. Mtihani wa daraja hizo ulizaliwa mbugani. Ni fahari ya anayetofautisha ndege kwa mlio, lakini unamsaidia kidogo anayeishi kwa kueleza nani alijenga Msikiti wa Jamia. Takwimu nazo zina upofu wao. Tunaambiwa wageni wa kigeni walifika milioni 2.4 mwaka 2024, na utalii wa ndani hupimwa zaidi kwa vitanda vilivyolaliwa hotelini. Mkazi wa Umoja aliyetumia shilingi 1,500 Jumapili kwa nauli, kiingilio cha Karura na chipsi akalala kwake, katika vitabu hivyo hakutalii popote. Mtu asiyehesabiwa hatengenezewi njia ya miguu, na ukingo wa Lower Kabete unaonyesha hivyo: pale matatu za Wangige zinaposhusha abiria, vipande virefu ni vumbi, mtaro na pikipiki.

Majumba ya sanaa yamesoma mchezo mapema. Kuelekea Rosslyn, mbele kidogo ya Spring Valley, kuna One Off, iliyoanzishwa 1994, na ndani ya Rosslyn Riviera Mall iko NCAI, taasisi iliyoanzishwa 2020 na mchoraji Michael Armitage. Anayekuja kutazama picha katika duka kubwa ataegesha humo, atakula humo. Mwenye jengo anapata watu asiowanunulia tangazo, na sanaa inapata paa.

Sehemu inayonisumbua zaidi iko Parklands, mkabala na hospitali ya Aga Khan. City Park imenyakuliwa vipande kwa miaka mingi lakini bado ina msitu wa asili, na kima wake wamezoea watu kupita kiasi. Njiani utawapata wauza njugu na ndizi wenye vifuko vidogo vya kulishia kima, na wapiga picha wanaomuita kila mpenzi “customer”. Hawa ndio uchumi mzima wa bustani. Hatua chache kutoka kwao amelala Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyepigwa risasi nyumbani kwake Westlands tarehe 24 Februari 1965, na karibu naye Murumbi, aliyetaka azikwe jirani na rafiki yake, akiwa na mkewe Sheila, wamezungukwa na sanamu za mawe. Kwa mzunguko mmoja ungeweza kuunganisha makaburi haya, makusanyo ya Murumbi pale Nairobi Gallery na barabara za Westlands alikouawa Pinto, ukamalizia kwa kahawa bondeni. Muuza njugu angepata wateja, mwenye mgahawa pia.

Katika utalii wa mbugani, kumlipa aliyeleta wateja si jambo geni. Madereva wa safari wamelipwa kamisheni na maduka ya vinyago ya barabara ya Narok tangu zamani, na hakuna anayejifanya hajui. Mgahawa wa Spring Valley unaopelekewa watu kumi saa tano asubuhi ya Jumanne, saa ambayo viti ni vitupu, unaweza kumlipa aliyewaleta shilingi 50 kwa kila kikombe na bado ukala faida. Waongozaji wa jiji wangeanza mazungumzo hapo, wakiwa na hadithi ya mti wa Loresho mkononi, na wenye migahawa wakataja bei yao.